Printa ya Ofisi ya Madrasa: Ya Leza au ya Wino?



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na Maswahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu wazazi na wanafunzi, huenda baadhi yenu mkashangaa kuona kwamba mada yetu ya leo si twahara, si mirathi, wala si adabu za kusoma Qur'ani. Ni printa. Lakini kitu chochote kinachonunuliwa kwa michango ya Waislamu huwa ni amana, na amana ni katika mambo ya dini. Ndiyo maana nimeona nieleze kwa urefu kidogo namna tulivyochagua printa ya ofisi ya madrasa yetu hapa Nyamirambo, ili mchangaji ajue fedha yake imekwenda wapi, na ili madrasa nyingine na wenye ofisi ndogo wapate la kuzingatia.

Madrasa yetu ina wanafunzi 120. Tunasomesha Jumamosi na Jumapili, na wakati wa likizo za shule tunasomesha kila siku asubuhi. Wazazi wengi ni madereva wa pikipiki, mafundi cherehani, wauza maduka madogo na kina mama wanaouza sambusa na chapati. Sanduku letu ni moja tu. Humo ndimo hutoka posho ya walimu, chaki, maji ya udhu, na juzuu za watoto ambao wazazi wao hawana uwezo au wamefariki. Kwa hivyo kila faranga inayokwenda kwenye wino ni faranga ambayo haikwenda kwenye juzuu ya yatima. Hilo ndilo lililotufanya tusilichukulie jambo hili kijuujuu.

Mfanyabiashara mmoja mwema wa mtaa wetu, Allah amlipe kheri, alijitolea kutuletea printa ndogo ya rangi, ya kutumia wino wa maji, bila malipo yoyote. Kamati ikakutana baada ya swala ya Isha, na rai zikawa tatu. Mzee mwenyekiti alisema, "Ustadh, kitu cha bure tukikatae kwa sababu gani?" Mwalimu wa kike anayefundisha watoto wadogo alisema kwamba rangi zinamsaidia mtoto wa miaka minne kutofautisha alif na lam, kwa hivyo printa ya rangi ni neema kwetu. Kijana mmoja anayefanya kazi ofisini mjini alisema, "Mwalimu, ofisi ni leza tu, hizo za wino zitawafilisi." Wote watatu walikuwa na nia njema, na kila mmoja alikuwa na sehemu ya haki. Nikaomba muda wa wiki moja ili nihesabu, kwani wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza tujue mashine hizi zinafanyaje kazi, maana bila ya kujua hilo mtu atabaki kusikiliza maneno ya muuzaji.

Printa ya wino hurusha matone madogo sana ya wino wa majimaji juu ya karatasi, kupitia vitundu ambavyo jicho halivioni. Kampuni za Canon ya Japani na Hewlett-Packard ya Marekani ndizo zilizoendeleza njia ya kuupasha wino moto hadi upige kipovu na kuruka, na printa ya HP iitwayo ThinkJet ilitoka mwaka 1984. Epson wao hutumia njia ya kuubana wino badala ya kuupasha moto.

Printa ya leza haina wino wa maji kabisa. Ina unga mkavu unaoitwa tona. Mwanga wa leza huchora ukurasa kwa umeme juu ya silinda inayozunguka, unga hunata pale palipochorwa, kisha huhamia kwenye karatasi, na mwisho karatasi hupita baina ya roli zenye moto ambazo huuyeyusha ule unga ukashikana na karatasi. Ndiyo maana karatasi hutoka ikiwa na joto. Aliyebuni jambo hili ni Gary Starkweather, mhandisi wa Xerox, mwishoni mwa miaka ya 1960. HP LaserJet ya kwanza, ya mwaka 1984, iliuzwa dola 3,495 huko Marekani. Leo leza ndogo ya rangi nyeusi peke yake imo ndani ya uwezo wa ofisi ndogo, Alhamdulillah.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kila mtihani wetu una masomo manne, na kila somo lina kurasa mbili. Wanafunzi 120 mara kurasa nane ni kurasa 960. Tuna mitihani mitatu kwa mwaka, kwa hivyo ni kurasa 2,880. Ukiongeza barua kwa wazazi, ratiba ya Ramadhani, fomu za kuandikisha na kazi za nyumbani, unafika kiasi cha kurasa 4,400 kwa mwaka.

Katriji za printa huandikwa idadi ya kurasa zinazotarajiwa. Katriji nyeusi ndogo ya HP 123, inayotumika katika printa nyingi za bei nafuu za wino, imekadiriwa kurasa 120. Tona ya HP 12A, inayotumika katika LaserJet za kina 1010 na 1020 ambazo zimejaa katika ofisi zetu za Afrika Mashariki, imekadiriwa kurasa 2,000. Kumbukeni kwamba hesabu hizi huchukulia ukurasa wenye maandishi machache, yanayofunika kama asilimia 5 tu ya karatasi. Ukurasa wenye maandishi makubwa ya watoto hula zaidi.

Bei za madukani hupanda na kushuka, kwa hivyo nitatoa mfano wa hesabu tu, na kila mtu aweke bei ya siku yake. Tuseme katriji ile ya kurasa 120 inauzwa faranga 20,000. Kila ukurasa umegharimu faranga 167 hivi. Tuseme tona ya kurasa 2,000 inauzwa faranga 70,000. Ukurasa mmoja ni faranga 35. Kwa kurasa 4,400, printa ya zawadi ingetutoa faranga 730,000 na ushei kwa mwaka, na leza faranga 154,000. Tofauti ni zaidi ya nusu milioni, nayo ingetoka katika sanduku lile lile la juzuu. Na mtihani mmoja peke yake ungekula katriji nane!

Niliposoma hesabu hii mbele ya kamati, mzee mwenyekiti alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe bure yenyewe ni ya siku ya kwanza tu." Naam, ndivyo ilivyo. Printa nyingi ndogo huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu faida ya mtengenezaji iko kwenye wino.

Hapa lazima niwe muadilifu, kwa sababu kuna printa za wino za aina nyingine, zenye tanki linalojazwa kwa chupa. Epson walizianzisha Indonesia mwaka 2010, baada ya watu wa huko kuwa wamezoea kuzifunga printa zao matanki ya nje ili waukimbie ughali wa katriji. Chupa moja ya wino mweusi imekadiriwa kurasa 4,000 na zaidi. Tukisema chupa ni faranga 15,000, ukurasa unashuka chini ya faranga 4. Kwa hesabu ya karatasi tu, leza imeshindwa. Basi kwa nini hatukuichukua hiyo?

Sababu ya kwanza ni namna tunavyochapisha. Sisi hatuchapishi kila siku. Likizo kubwa ya Julai na Agosti tuna kazi nyingi, halafu wiki nyingi zinapita mashine imekaa kimya. Wino wa maji ukikaa bila kutumika hukauka kwenye vile vitundu, hasa wakati wa kiangazi chetu cha Juni hadi Agosti ambapo vumbi jekundu liko kila mahali. Kuvizibua kunahitaji kuiamrisha printa ijisafishe, na kila ikijisafisha inamwaga wino. Tona ni unga mkavu, hata ukikaa miezi mitatu haukauki, kwa sababu umeshakuwa mkavu tangu mwanzo.

Sababu ya pili ni nukta. Ndugu zangu, hili ndilo lililonigusa zaidi kama mwalimu wa Qur'ani. Kitundu kimoja kikiziba, mstari mweupe hupita katikati ya maandishi. Katika barua ya kawaida msomaji atakisia neno. Lakini katika maandishi ya Kiarabu, nukta moja ikipotea, khaa imekuwa haa, na dhaal imekuwa daal. Fat'ha ikipotea mtoto hajui asome nini. Mtu mzima aliyehifadhi atajua kwamba ni kosa la mashine, lakini mtoto wa miaka saba anaamini karatasi aliyopewa na mwalimu wake.

Tukumbuke kazi waliyoifanya waliotutangulia. Katika miongo ya mwanzo ya Uislamu maandishi ya Kiarabu hayakuwa na irabu wala nukta kama tunazozijua leo. Wanavyuoni wanamtaja Abul-Aswad ad-Du'ali wa Basra, aliyefariki mwaka 69 Hijria, kuwa ndiye aliyeanza kuweka alama za irabu. Kisha wanatajwa Nasr bin Asim na Yahya bin Ya'mar katika kuweka nukta za kutenganisha herufi, na baadaye al-Khalil bin Ahmad akazipa irabu sura tuliyoizoea. Walifanya hivyo kwa kuhofia watu, hasa wasiokuwa Waarabu, wasije wakakosea katika kusoma. Haifai sisi, wasiokuwa Waarabu wenyewe, tuje tuzipoteze nukta hizo kwa sababu ya kitundu kilichoziba. Leza nayo ina upungufu wake, tona ikikaribia kwisha maandishi hufifia. Lakini hufifia polepole na kwa upana, mwalimu anaona mapema na kubadilisha.

Sababu ya tatu ni mvua. Wazee wetu walijifunza kwa ubao, na wino wao ulikusudiwa kuoshwa kwa maji ili aya nyingine iandikwe. Karatasi ya mtihani au barua ya mzazi haikukusudiwa kuoshwa! Hapa Rwanda mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu mwaka 2008, na mwaka 2019 ikafuatia sheria ya plastiki zinazotumika mara moja. Ni jambo jema, na mji wetu ni safi kwa sababu hiyo. Lakini maana yake mtoto anayeteremka mlima wakati wa masika amebeba karatasi yake mkononi au kwenye bahasha. Wino mwingi wa printa za tanki ukiguswa na tone la maji hutawanyika. Tona imeyeyushwa ikashikana na karatasi, karatasi ikilowa unaianika na maandishi yapo.

Sababu ya nne ni ya madrasa yetu peke yake. Chumba cha ofisi ndicho darasa la wasichana wakubwa, na jioni mashine huhamishiwa nyumbani kwa mlezi wa madrasa kwa ajili ya usalama. Printa yenye tanki la wino haipendi kuinamishwa. Ukiibeba kwenye pikipiki katika mteremko wa Nyamirambo, utafika na madoa.

Sikusudii kusema kwamba leza haina aibu. Inakula umeme. Wakati wa kuchapisha, leza ndogo huvuta wati 300 na zaidi, ilhali ya wino huvuta kama wati 10 hadi 20. Kwa sisi tunaonunua umeme wa Cash Power kwa simu, hilo linaonekana, ingawa ni la dakika chache tu. Na msije mkaichomeka leza kwenye betri ndogo ya UPS, kwani watengenezaji wa UPS wenyewe wanalikataza jambo hilo. Madrasa iliyoko kijijini inayotumia sola ndogo, bora ichukue ya wino na kuichapishia ukurasa mmoja kila wiki ili isikauke.

Vile vile kuna suala la kujaza tona. Mafundi wa kujaza tona wapo mjini, na gharama yao ni ndogo sana kuliko tona mpya, kiasi kwamba bei ya ukurasa inakaribia ile ya printa za tanki. Ni halali na ni kubana matumizi, muradi fundi akuambie ukweli kwamba hii ni ya kujazwa. Silinda imo ndani ya katriji hiyo hiyo ya 12A, kwa hivyo ukijaza mara nyingi maandishi huanza kuwa machafu. Lakini kumuuzia mtu tona ya kujazwa ndani ya boksi jipya kana kwamba ni halisi, hiyo ni ghishi, na ghishi ni haramu hata kama mteja hatajua mpaka Siku ya Kiyama. Na wakati wa kubadilisha tona, watoto wasiwe karibu, unga ule haufai kuvutwa puani.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini tusipeleke kila kitu kwenye duka la fotokopi? Kwa vitabu na ratiba ni sawa kabisa. Kwa mtihani, hapana. Mtihani ukitoka ofisini kwenye flashi, unabaki kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na nakala iliyoharibika inabaki kwenye pipa lake. Mtoto aliyesoma kwa bidii ana haki kwamba swali lisimfikie jirani yake kabla ya siku yenyewe. Hiyo pia ni amana.

Basi tulifikia uamuzi huu. Printa ya ofisi iwe ya leza, nyeusi tupu. Kadi za herufi za rangi za watoto wadogo zichapishwe dukani mara mbili kwa mwaka kwa karatasi nzito, na zifunikwe ili zidumu. Mwalimu wao aliridhika, kwa sababu kadi hizo ni imara kuliko karatasi ambazo angezichapisha kila wiki. Na yule mfanyabiashara tulimwendea watu wawili kwa adabu, tukamshukuru, tukamwonyesha daftari. Hakukasirika. Alisema, "Maustadh, mimi sikujua kama mnachapisha kiasi hicho. Chukueni thamani yake, mwongeze juu mnunue inayowafaa." Sanduku likaongeza kilichobaki. Mashine ikapatikana, na mtihani uliofuata ukachapishwa ofisini baada ya swala ya Alfajiri, kurasa 960, kwa kupumzisha mashine kila baada ya kurasa mia.

Jambo moja jingine dogo kwa umbo, lakini kubwa kwa uzito. Printa yoyote hukwama na kuharibu karatasi. Karatasi yenye aya au jina la Allah (s.w.) isitupwe jalalani wala isifungiwe sambusa. Sisi tumeweka boksi maalumu chini ya meza, na likijaa karatasi huzikwa mahali safi pasipokanyagwa, au huchomwa kwa heshima. Inajulikana kwamba Sayyidna Uthman (r.a.) alipowakusanya Waislamu juu ya msahafu mmoja, aliamuru nakala nyingine zichomwe. Na kabla ya kuchapisha nakala 120, tunachapisha moja, mwalimu wa pili anaisoma nukta kwa nukta, ndipo tunaendelea. Hilo limepunguza yale yanayoingia katika boksi.

Ama nyumbani, jibu laweza kuwa tofauti. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayechapisha kurasa chache kwa mwezi hahitaji printa yoyote, duka la fotokopi linamtosha. Familia yenye watoto watatu wanaochapisha kazi za shule zenye picha karibu kila siku, printa ya tanki itawafaa. Ofisi inayochapisha barua nyingi za maandishi matupu, kisha ikanyamaza, ichukue leza. Kabla ya kwenda dukani jiulize maswali manne na uyaandike. Nachapisha kurasa ngapi kwa mwaka? Nachapisha kila siku au kwa vipindi? Rangi naihitaji kweli au naipenda tu? Na wino wa mashine hii unauzwa bei gani, na unatoa kurasa ngapi? Muuzaji asiyeweza kukujibu swali la nne, mwache uende kwa mwingine.

Katika Suratul Furqan Allah (s.w.) amewasifu waja wake ambao katika matumizi hawafanyi israfu wala hawawi mabakhili, bali husimama katikati. Wengi tunaikumbuka sifa hii tunapozungumzia harusi na sherehe. Hata katika wino wa ofisi tuikumbuke, kwani watakaoulizwa juu ya sanduku la madrasa ni sisi tuliolishika. Daftari la hesabu ya printa liko ofisini, na mzazi yeyote anakaribishwa kuja kulisoma.

Tunamuomba Allah (s.w.) awabariki wote waliochangia, awape watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie kuwa waaminifu katika kidogo na kikubwa. Aamiyn.